Shajara ya mradi: mlonge na Phyllanthus amarus dhidi ya madhara ya dawa kwenye ini

Swali tunalolifuata

Taarifa za mimea "inayolinda ini" ni nyingi mno, na nyingi zimejengwa kwa mpango uleule: panya anapewa dondoo kwa siku kadhaa, halafu anapewa parasetamoli nyingi, kisha damu inapimwa. ALT, kimeng'enya kinachovujia kwenye damu seli za ini zikiumia, ikiwa chini kuliko ya panya waliopewa parasetamoli tu, mmea unatangazwa kuwa mlinzi. Tatizo ni kwamba mpango huo hauwezi kutenganisha mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa: mmea uliolisaidia ini kuhimili sumu, na mmea uliozuia sumu isizaliwe.

Parasetamoli yenyewe haiui seli za ini. Sehemu yake ndogo hugeuzwa na kimeng'enya CYP2E1, kikisaidiwa na CYP1A2 na CYP3A4, kuwa NAPQI, ambayo ndiyo sumu yenyewe. Kwa dozi ya kawaida, NAPQI hudakwa na glutathioni na kutolewa mwilini. Dozi ikizidi, glutathioni huisha, NAPQI hushika protini za mitokondria, JNK (kimeng'enya cha ishara za hatari ndani ya seli) inaamshwa, utando wa mitokondria unafunguka, DNA inakatwakatwa na seli inakufa. Vifo hivyo huanzia kuzunguka mshipa wa kati wa kila kijumba cha ini, kwa kuwa ndiko CYP2E1 ilikojaa.

Sasa, kitu chochote kinachozuia CYP2E1 kitashusha ALT, hata kama hakina faida yoyote kwa ini. Ethanoli iliyobaki kwenye dondoo inatosha. DMSO, kiyeyusho cha maabara, inatosha. Mgonjwa aliyefika hospitali saa kadhaa baada ya kumeza vidonge tayari ana NAPQI ndani ya seli, hivyo kizuizi cha aina hiyo hakina la kumfanyia. Ndiyo maana kila uamuzi katika shajara hii unarudi kwenye swali moja: je, tunachokiona ni ulinzi, au ni sumu ambayo haikutengenezwa?

Mimea iliyobaki na iliyotolewa

Manjano yametolewa mapema. Kurkumini, kemikali yake kuu, hunyonywa kidogo sana tumboni, huvuruga vipimo vingi vya mwanga na rangi, na wanaoiongezea piperini ya pilipili manga ili inyonywe wanabadilisha pia namna mwili unavyoshughulikia dawa nyingine. Zaidi ya hayo, virutubisho vya manjano vimeshahusishwa na homa ya ini ya dawa, hasa kwa watu wenye jeni HLA-B*35:01. Dondoo la chai ya kijani limetolewa kwa sababu ya namna hiyohiyo: mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilionyesha kwamba EGCG, kemikali kuu ya chai hiyo, ya miligramu 800 au zaidi kwa siku kutoka kwenye virutubisho huweza kupandisha vimeng'enya vya ini. Teucrium chamaedrys ilipigwa marufuku Ufaransa mwaka 1992 baada ya kuumiza maini ya waliokuwa wakiitumia kupunguza uzito. Mmea kuitwa dawa hakuuzuii kuwa sumu.

Imebaki miwili: majani ya mlonge (Moringa oleifera) na mmea mzima wa Phyllanthus amarus. Wa pili una filanthini na hipofilanthini, lignani zinazopimika vizuri, kwa hiyo ubora wa kila fungu la dondoo unaweza kufuatiliwa. Mlonge una glukosinolati, na hapo pana jambo la kuangaliwa sana, tutalifikia.

Utambuzi na ukusanyaji

Hali: imekamilika.

Phyllanthus huchanganywa kuliko mimea mingi. Kilichoandikwa "P. niruri" katika tafiti nyingi za nje ya Amerika mara nyingi ni P. amarus, na P. urinaria huota palepale kwenye shamba lilelile. Tofauti ya haraka: tunda la P. urinaria lina ngozi yenye vipele na halina kikonyo cha kuonekana, la P. amarus ni laini na lina kikonyo kifupi. Haitoshi kutambua rundo. Kila shina linaangaliwa kabla ya kuingia kwenye mfuko. Sampuli yenye maua na matunda imekaushwa kati ya karatasi, ikabandikwa, ikapewa namba ya hebaria, hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Bila namba hiyo, matokeo hayatakuwa na mmea unaoweza kurudiwa na mtu mwingine.

Kukausha ni kivulini, hewa ikipita, joto lisizidi nyuzi 40, majani yakitandazwa tabaka jembamba na kugeuzwa mara mbili kwa siku. Unyevu ukibaki zaidi ya asilimia 10, ukungu unaota, na ukungu wa aina ya Aspergillus unaweza kuleta aflatoksini, ambayo ni sumu ya ini yenyewe. Mtu anaweza kufanya utafiti mzima wa kulinda ini huku akiwalisha panya sumu ya ini. Kila fungu linapimwa aflatoksini na metali nzito. Mipaka tunayotumia ni ya WHO kwa malighafi za mitishamba, risasi miligramu 10 kwa kilo na kadimiamu miligramu 0.3 kwa kilo.

Kutoa dondoo

Unga umepita chujio la milimita moja. Unga laini mno hugandamana na kuziba karatasi ya kuchujia. Ulio mnene mno haupenyezi kiyeyusho.

Phyllanthus: gramu 100 za unga katika mililita 1000 za ethanoli ya asilimia 70, saa 24 kwenye kitikisio, kuchuja kwa kitambaa kisha karatasi ya Whatman namba 1, halafu masalia yanaongezewa kiyeyusho kipya. Mizunguko mitatu, na vichujo vyote vinaunganishwa. Ethanoli inaondolewa kwenye kivukizio cha mzunguko kwa nyuzi 40, maji yanayobaki yanagandishwa na kukaushwa katika ombwe. Hapa ndipo ethanoli hujificha: dondoo likionekana kama ulojo unaong'aa na kunata, bado lina kiyeyusho. Linaendelea kukaushwa mpaka uzito usibadilike katika vipimo viwili mfululizo. Kiasi kilichopatikana ni uzito wa dondoo kugawanya uzito wa unga, mara 100, na huandikwa kwa kila fungu kwa sababu ndicho kitakachotuambia baadaye dozi ya panya ni sawa na unga kiasi gani kwa binadamu.

Mlonge unatoka kwa maji, na tumeugawa mara mbili kwa makusudi. Jani bichi likipondwa, kimeng'enya mirosinasi hukutana na glukosinolati na kuzaa isothiosianati. Kemikali hizi huamsha Nrf2, swichi inayoiamuru seli itengeneze glutathioni zaidi, na huo ni ulinzi wa kweli. Lakini baadhi ya isothiosianati pia huzuia CYP2E1, na hiyo ndiyo danganya-toto tunayoikimbia. Maji yanayochemka huua mirosinasi. Kwa hiyo dondoo A ni majani mabichi yaliyopondwa katika maji ya joto la chumba na kuachwa dakika 30 kabla ya kuchujwa. Dondoo B ni majani makavu katika maji ya nyuzi 95 kwa dakika 15. Mmea ni mmoja, dawa ni mbili. Atakayeandika tu "dondoo la maji la mlonge" hajasema kitu.

Yote yanahifadhiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, chupa za kahawia, zimejazwa hadi juu ili hewa iwe kidogo.

Kemia ya dondoo

Inatembea. Fenoli jumla kwa Folin–Ciocalteu, nanomita 765, kwa kulinganisha na asidi ya gali. Flavonoidi kwa aluminiamu kloridi, nanomita 415, kwa kulinganisha na kwasetini. Filanthini kwa HPLC, mashine inayotenganisha na kupima kemikali moja moja. DPPH, kipimo cha uwezo wa kuzuia uoksidishaji, kwa nanomita 517 imefanywa kwa ajili ya kulinganisha mafungu tu. Kufuta rangi ya DPPH kwenye bomba la kioo hakuthibitishi lolote juu ya ini: kemikali ileile inaweza isinyonywe, au ikafika kwenye ini ikiwa imeshabadilishwa umbo.

Usalama wa dondoo lenyewe

Kwa mwongozo namba 423 wa OECD wa kupima sumu ya dozi moja: panya majike watatu kwa kila hatua, kuanzia miligramu 300 kwa kilo, na kupanda hadi 2000 kama hakuna kifo, kisha uangalizi wa siku 14. Mwongozo unaangalia vifo na dalili; sisi tunaongeza ALT, bilirubini na kipande cha ini mwishoni, kwa sababu panya anaweza kula, kukimbia na kuongezeka uzito huku ini lake likiumia.

Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama kilipatikana kabla ya panya wa kwanza kuingia maabara, na mpango umeandikwa kwa kufuata ARRIVE 2.0, mwongozo wa mwaka 2020 wa kuripoti tafiti za wanyama: nani anagawa makundi kwa bahati nasibu, nani hajui kundi, na panya wa hali gani anatolewa kabla ya muda ili asiteseke.

Dozi tulizochagua ni miligramu 100, 200 na 400 kwa kilo. Kuzihamishia kwa binadamu, dozi ya panya mkubwa (rat) huzidishwa kwa 6 na kugawanywa kwa 37; ya panya mdogo (mouse) huzidishwa kwa 3 badala ya 6. Miligramu 400 kwa kilo kwa panya mkubwa ni kama 65 kwa kilo kwa mtu, yaani karibu gramu 3.9 za dondoo kwa mtu wa kilo 60. Ikiwa unga ulitoa asilimia 10 tu ya dondoo, hiyo ni gramu 39 za unga mkavu kila siku. Tafiti zinazoripoti mafanikio kwa miligramu 1000 kwa kilo zinazungumzia dozi ambayo ni vigumu mtu kuimeza kila siku, na ingefaa ziseme hivyo waziwazi.

Modeli ya parasetamoli

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo mambo mengi huharibika.

Tumetumia panya wadogo badala ya wakubwa. Panya wakubwa ni sugu: huhitaji gramu 2 au 3 kwa kilo na bado wengine hawaonyeshi madhara ya maana. Panya wadogo huumia kwa miligramu 300 kwa kilo, na njia ya kufa kwa seli zao inafanana zaidi na ya binadamu. Ni madume tu, kwa kuwa majike huumia kidogo zaidi. Ukoo lazima uwe mmoja hadi tawi lake: C57BL/6N huumia kuliko C57BL/6J, kwa hiyo kuchanganya matawi hayo mawili katika makundi tofauti kunaweza kuzaa "ulinzi" ambao haupo.

Kufunga: saa 12 hadi 16, maji yapo. Njaa hupunguza glutathioni na kulifanya ini liwe jepesi kuumia. Kizimba kimoja kikinyang'anywa chakula saa mbili baada ya kingine, tofauti hiyo itaonekana kwenye ALT. Vumbi la mbao lenye punje za chakula sakafuni nalo linafungua mfungo. Kizimba kinabadilishwa kabla ya kuanza.

Parasetamoli huyeyuka kwenye maji kiasi cha miligramu 14 hivi kwa mililita katika joto la chumba. Kwa dozi ya 300 kwa ujazo wa mililita 20 kwa kilo unahitaji 15 kwa mililita, yaani uko ukingoni kabisa. Iyeyushwe katika salaini ya asilimia 0.9 iliyopashwa hadi nyuzi 55 au 60, iachwe ipoe kufikia joto la mwili, na ichomwe tumboni ikiwa bado vuguvugu. Ikipoa zaidi, fuwele hutua chini ya chupa, na panya wa mwisho kwenye foleni hupata dozi ndogo kuliko wa kwanza. Kama foleni imepangwa kwa makundi, kundi la mwisho litaonekana limelindwa. Foleni yetu imechanganywa: panya mmoja wa kila kundi, kisha mzunguko mpya.

DMSO haigusi mradi huu. Dondoo lisiloyeyuka linatiwa kwenye karboksimethili selulosi ya asilimia 0.5 na kutikiswa kabla ya kila sindano. Kundi la udhibiti linapata kibebeo hichohicho, bila dondoo, kwa ujazo uleule.

Makundi ya parasetamoli yapo katika mipango mitatu:

- Kabla: dondoo siku saba, dozi ya mwisho saa moja kabla ya parasetamoli.
- Baada: dondoo mara moja, saa moja na nusu hadi mbili baada ya parasetamoli, wakati sehemu kubwa ya NAPQI imeshazaliwa.
- Dakika 30: dondoo kama mpango wa kwanza, lakini panya anamalizwa dakika 30 baada ya parasetamoli na glutathioni ya ini inapimwa.

Mpango wa tatu ndio roho ya mradi. Kwa panya aliyepewa parasetamoli tu, glutathioni ya ini huporomoka ndani ya dakika hizo 30, kwa sababu NAPQI inaila. Kundi la dondoo likiporomoka vilevile, CYP2E1 inafanya kazi na sumu imezaliwa. Ulinzi wowote utakaoonekana baadaye una maana. Glutathioni isipoporomoka, tunashuku kizuizi. Lipo sharti: kundi lililopewa dondoo bila parasetamoli lazima liwepo, kwa sababu dondoo linaloamsha Nrf2 hupandisha glutathioni tangu mwanzo, na kinachosomwa ni kiasi kilichopungua, siyo kiasi kilichobaki. Maabara yenye uwezo wa kupima parasetamoli iliyoshikamana na protini ifanye hivyo. Ni ushahidi wa moja kwa moja zaidi.

Kilinganishi ni asetilisisteini, siyo silimarini (dondoo la mmea Silybum marianum) peke yake. Silimarini imezoeleka, na tunayo kwa miligramu 100 kwa kilo, lakini haiyeyuki vizuri kwenye maji na matokeo yake hutegemea sana bidhaa. Asetilisisteini ndiyo dawa halisi ya sumu hii hospitalini. Kwa mishipa hutolewa miligramu 150 kwa kilo, kisha 50 kwa saa nne, kisha 100 kwa saa 16, na hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa nane. Mmea usiokaribia kiwango chake katika mpango wa "baada" hauna la kuwaambia madaktari wa dharura, ingawa unaweza kuwa na la kuwaambia wanaotafuta kinga.

Damu na ini

Damu inachukuliwa saa 6 na saa 24 baada ya parasetamoli. Sampuli iliyopasua chembe nyekundu inatupwa, kwa sababu AST na LDH, vimeng'enya vilivyomo pia ndani ya chembe hizo, huingia kwenye hesabu. Seramu ya waridi ni dalili tosha. Sindano nyembamba mno na kuvuta kwa nguvu ndivyo visababishi vya kawaida. ALT ya panya aliyeumia hupita mbali uwezo wa mashine: kitendanishi huisha kabla ya kusoma, na namba inayotoka ni ndogo kuliko ukweli. Sampuli za kundi lililoumia zinazimuliwa mara 10 au 20 kwa salaini kabla ya kusomwa, na zimulio linathibitishwa kwa kurudia kwa kiwango kingine.

Ini linaoshwa kwa salaini baridi kupitia mshipa hadi lififie. Pande kubwa la kushoto la ini kwa kila panya, kipande kilekile: sehemu kwa formalini, sehemu kwa nitrojeni ya maji. Formalini ni asilimia 10 yenye bafa, ujazo mara 10 ya kipande au zaidi, unene usiozidi milimita 5, saa 24 hadi 48. Kipande kinene hubaki kibichi katikati, na msomaji anaweza kukiona kama seli zilizokufa.

Kwa glutathioni, ini linasagwa moja kwa moja ndani ya asidi ya sulfosalisiliki baridi ya asilimia 5. Ukisaga kwenye bafa ya kawaida kwanza, glutathioni hupungua mezani. DTNB, kitendanishi cha glutathioni, inasomwa nanomita 412. MDA, alama ya mafuta ya seli yaliyooksidika, inasomwa nanomita 532, na BHT, kizuia uoksidishaji, inatiwa kabla ya kuchemsha, la sivyo joto lenyewe hutengeneza MDA.

Msomaji wa vioo vya hadubini hajui makundi. Anakadiria asilimia ya eneo lililokufa kuzunguka mshipa wa kati katika maeneo kumi kwa kila ini. ALT zinabadilishwa kuwa logi kabla ya uchanganuzi wa tofauti, kwa kuwa hazisambai kwa ulinganifu.

Kuhusu seli kwenye sahani: HepG2, seli za ini za maabara zinazotumiwa sana, hazifai kwa swali hili, zina CYP2E1 kidogo mno. Tunatumia seli za aina nyingine, HepaRG. MTT, rangi ya kupima seli zilizo hai, nayo ina mtego wake, kwani polifenoli huigeuza kuwa zambarau hata pasipo seli. Visima vya dondoo bila seli vipo kwenye kila sahani, na seli zinaoshwa kabla ya MTT kuingia.

Dawa za kifua kikuu

Mkono huu umebadilishwa lengo. Awali ungekuwa isoniazidi na rifampisini, miligramu 50 kwa kilo kila moja kwa siku 28, kisha ALT. Lakini rifampisini huamsha kipokezi PXR (swichi ya vimeng'enya vinavyovunja dawa) cha binadamu kwa nguvu na cha panya kwa unyonge, kwa hiyo panya hawarudii kinachotokea kwa mgonjwa, na ALT yao hupanda kidogo. Pia isoniazidi huinyang'anya ALT vitamini B6 inayoihitaji. Kitendanishi kisicho na piridoksali fosfeti, umbo tendaji la vitamini hiyo, husoma chini. Rangi ya rifampisini nayo huvuruga kipimo cha bilirubini.

Swali lenye manufaa zaidi kwa wagonjwa ni hili: je, dondoo linashusha kiwango cha dawa kwenye damu? Mmea unaopunguza madhara kwa kupunguza dawa unaacha bakteria hai na kufungua njia ya usugu. Kwa hiyo panya wakubwa wanapewa dawa pamoja na dondoo au bila dondoo, damu kwa saa 0.5, 1, 2, 4, 8 na 24, na eneo chini ya mchoro, yaani jumla ya dawa iliyopita kwenye damu, linalinganishwa. Dawa hizo mbili haziwekwi kwenye chupa moja: katika asidi ya tumbo rifampisini huvunjika na kushikana na isoniazidi, na kuziandaa pamoja huongeza hasara. Seramu inalindwa na mwanga na kutiwa asidi askobiki ili rifampisini isioksidike.

Wanaotumia dawa hizi na kutaka kuongeza mimea wafuate kwanza kipimo cha ini. Kanuni ya hospitali ni kusimamisha dawa ALT ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida pamoja na dalili kama kichefuchefu au macho ya njano, au mara tano bila dalili. Mitishamba ikiongezwa bila kumwambia daktari, hakuna atakayejua kilicholiumiza ini ni kipi.

Kilicho mezani

Mpango wa dakika 30 kwa dondoo A la mlonge unatangulia, kabla ya "kabla" na "baada", kwa kuwa ndilo linaloshukiwa zaidi. Likionyesha kizuizi cha CYP2E1, mpango wake wa "kabla" hautafanyika na panya wake watahamishiwa kwenye "baada". Fungu jipya la Phyllanthus linasubiri HPLC. Kiwango cha filanthini kikitofautiana na fungu la kwanza kwa zaidi ya asilimia 15, halitachanganywa nalo. Kitendanishi cha ALT chenye piridoksali fosfeti kimeshaagizwa, na sampuli zote za mkono wa kifua kikuu zinakaa nyuzi 80 chini ya sifuri mpaka kifike.